Komeo la Upande wa Nje

Nyumba yangu haina grili madirishani. Hapa Nyeri jambo hilo huwashangaza watu kana kwamba nimejenga bila paa. Wageni wakishaketi sebuleni hutazama madirisha, kisha hunitazama mimi, na mwishowe lazima mmoja wao anitajie fundi anayemfahamu, mtu wa kuaminika, anayechomelea vizuri na kumaliza kazi siku aliyosema. Nami hushukuru na kumwongezea chai. Sijawahi kumwita fundi hata mmoja.

Juzi nilipeleka gari kwenye gereji moja nyuma ya soko. Kando kulikuwa na mzee akiziba bomba la moshi kwa gesi ya kizamani, ile inayopatikana kwa kutumbukiza mawe ya kijivu ndani ya pipa la maji. Ina harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza, na hapo inachanganyika na ya chuma kinachoungua. Ilinikuta ghafla, ikanibidi nishike mlango wa gari. Wakaniletea kiti wakidhani ni presha. Nikasema ni jua tu. Kumbe nilikuwa nimemsikia mama yangu akicheka.

Tulikaa upande wa Mweiga, kwenye shamba lililokuwa la Mzungu na ambalo baada ya uhuru lilikatwa vipande, watu wakagawiwa. Baba alipima maziwa kwenye kituo cha ushirika. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye koti moja la kaki alilolivaa hata wakati wa joto. Kwa miaka mingi alikuwa akijenga nyumba ya mawe polepole, ukuta mmoja mvua hii, mwingine mvua ijayo, na ilipokwisha ilikuwa ya kwanza ya mawe katika mstari wetu wote. Chumba cha mwisho kilitazama mlima. Kusipokuwa na ukungu asubuhi, uliuona ule weupe wa barafu ukiwa umelala juu ya kitanda cha watu, maana kioo cha kabati la mama kiliuakisi. Hicho ndicho kilikuwa chumba cha baba na mama.

Mama alizaliwa Timau, kwenye mashamba ya ngano, ambako babu yangu alikuwa akiendesha trekta ya mwajiri wake. Huko watu walikuwa wa makabila mengi na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili, kile cha mashambani, cha amri na utani. Kwetu Mweiga hakikuwa na kazi. Sisi watoto tulikisikia kwenye redio na kwa mwalimu, tukakielewa nusunusu. Lakini mama alikuwa nacho, amekiweka kama mtu anavyoweka nguo nzuri ambayo hana pa kuivalia.

Mwaka ninaousema, mama alijifungua mtoto wa kike na mtoto yule hakukaa. Alikufa kabla hatujazoea kumwita jina. Sikumwona mama akilia. Niliona tu kwamba alianza kuamka kabla ya kila mtu na kutoka, bila ndoo wala panga, akitembea kwenye umande kana kwamba kuna mtu amemwita. Baba alikuwa akimfuata na kumrudisha, amemshika kiwiko. Wakati mwingine mama alipika, akatusuka nywele, akauliza habari za shule. Wakati mwingine ungemwita mara nyingi akiwa amesimama mbele yako.

Siku moja alirudi kutoka mtoni akiwa amelowa mpaka kifuani, na mdogo wangu Muriuki amelowa vilevile mgongoni mwake, anatetemeka, midomo imegeuka rangi. Baba alikuwa nyuma yao, naye amelowa. Tata Nyambura, dada yake baba, aliyekuwa amehamia kwetu kumsaidia mama, alituambia kwamba walikwenda kufua na Muriuki akateleza. Niliamini. Nilishangaa tu kwamba hapakuwa na nguo zilizofuliwa.

Baada ya hapo baba alitangaza kwamba ataweka grili. "Wezi wamezidi," aliwaambia majirani, nao walikubali, kwa sababu kweli kulikuwa na watu waliokuwa wakiibiwa mitungi ya maziwa. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Grili nilikuwa nimeziona mjini tu, kwenye benki na duka la Mhindi. Nikaenda shuleni nikajigamba kwamba kwetu kutakuwa kama benki. Rafiki yangu aliniuliza kuna nini cha kuibwa. Nikafikiri, nikamwambia: cherehani. Mama alikuwa na cherehani ya mkono aliyopewa na babu alipoolewa, nayo ilikaa katika chumba kile kinachotazama mlima. Kwa akili yangu jambo lilikuwa wazi. Chuma kinawekwa ili kulinda cherehani ya mama.

Fundi alitoka Majengo, Nyeri mjini. Aliitwa Athumani, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma na mikono yenye madoa meupe ya kuungua. Baba alikuwa ameambiwa kwamba ndiye bora, kwamba milango ya maduka mengi pale mjini ni yake. Alikuja kwanza na futi yake, akapima dirisha na mlango wa chumba kile, akaenda. Aliporudi alikuja na pikapu iliyojaa vyuma, mtungi mrefu wa gesi, pipa lake na yale mawe ya kijivu, kwa sababu kwetu umeme ulikuwa bado haujafika. Alifanyia kazi uani, chini ya mti wa plamu, na harufu ile ikatanda mpaka kuku wakahamia shambani.

Mama alimpelekea chai. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nimekatazwa kutazama ule moto, na nilikuwa nikiutazama kupitia vidole. Mama akasema, kwa Kiswahili ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwake:

"Fundi, wacha moto kidogo, kunywa kitu. Hii jua itakumaliza."

Athumani akainua miwani yake myeusi. "Mama! Wewe umejifunza wapi Kiswahili hivi? Mimi tangu asubuhi naongea na mzee kwa mikono."

Na mama akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, kama msichana. Nilimwona baba, aliyekuwa akishika chuma upande wa pili, akiinama haraka kama aliyeangusha kitu.

Kwa muda wote fundi aliokaa kwetu, mama alikuwa mzima kabisa. Alimpikia viazi na njegere. Alimwuliza habari za watoto wake, akamsimulia Timau, jinsi Mzungu wa babu alivyokuwa akiitukana trekta kama mtu, naye Athumani akacheka hadi akakaa chini. Kila nilipotoka shule nilikimbia, kwa sababu nilijua nitamkuta mama uani akizungumza. Nikaanza kumwomba Mungu grili zisiishe. Nilidhani fundi ndiye dawa. Nilidhani mama alichokosa ni mtu wa kuongea naye Kiswahili, basi, na kwamba baba angemwajiri tu fundi huyu daima, atuwekee vyuma kila mahali, hata kwenye banda la ng'ombe.

Mazungumzo mengine niliyasikia nisiyaelewe. Maneno niliyajua, lakini maana yake ilinijia baadaye, kidogo kidogo, na nyingine nilikuja kuambiwa na tata Nyambura nikiwa tayari nina watoto wangu. Siku moja mama alishika grili iliyokuwa imeegemezwa kwenye mti, akaitikisa.

"Hii mtu akisukuma, itatoka?"

"Haitoki, mama. Hata fahali hatoi hii."

"Na akisukuma kutoka ndani?"

Athumani akacheka. "Ndani? Lakini mwizi yuko nje!"

"Wewe fanya kama mwizi yuko ndani," mama akasema, naye akatabasamu, na fundi akadhani ni utani wa Timau.

Kabla ya kufunga vyuma, baba na tata waliingia chumbani na kuanza kutoa vitu. Walitoa kabati lenye kioo. Walitoa mkasi, taa ya mafuta, mshipi wa baba, kamba ya kuanikia nguo. Kisha baba akatoka amebeba cherehani kifuani, akaiweka jikoni kwa tata, juu ya gunia la mahindi. Nilimfuata nikiuliza, mbona inatolewa wakati sasa ndipo inataka kulindwa? Baba alinitazama kama aliyekuwa amesahau kwamba nipo. "Kaa na mdogo wako," akasema.

Mlango ulikuwa wa mwisho. Fundi alikuwa ametengeneza fremu ya chuma na mlango wa vyuma vya kusimama, na sasa ilibaki kuchomelea komeo. Akasimama na komeo mkononi, akiangalia upande huu na upande ule.

"Mzee," akamwita baba, "hii komeo nitaiweka ndani, si ndiyo? Watu wakilala wajifungie."

"Weka nje," baba akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, akionyesha kwa kidole.

"Nje? Sasa mwizi akija si atawafungia tu?"

"Nimesema nje, fundi. Weka tu."

Athumani akaangalia chumba. Kitanda, blanketi, ukuta mtupu. Nilimwona akiangalia dirisha alilolifunga kwa mikono yake mwenyewe, kisha akamwangalia mama, ambaye alikuwa amekuja na kikombe cha chai na amesimama nacho. Uso wa fundi ukabadilika. Akaweka komeo sakafuni.

"Mzee, mimi natengeneza ya wezi," akasema polepole. "Ya binadamu sijatengeneza."

Baba alikuwa na aibu mpaka shingoni. Mama ndiye aliyesema.

"Athumani, weka. Yeye hajasema. Ni mimi nimesema. Ile siku ya mto, mtoto wangu alikuwa analia huku mgongoni, na mimi nilikuwa nasikia kama ni mtoto wa mtu mwingine. Unaelewa? Nilikuwa nasikia tu kwa mbali. Daktari anataka nipelekwe hospitali ya mbali, na mimi sitaki kukaa mbali na hawa. Weka komeo, na uweke nzuri. Nikiwa mzima, mimi ndiye nakuomba. Nikianza kukutukana, huyo si mimi."

Fundi akavaa miwani yake. Alichomelea, cheche zikirukaruka kwenye saruji mpya ya baba. Alipomaliza aligonga chuma kwa nyundo kujaribu kama kimeshika, akaanza kupakia vitu vyake. Chai aliiacha imepoa kwenye ngazi. Alipopanda pikapu mama alimpungia mkono, naye akainua wake nusu, kama mtu anayejikinga na mwanga.

Jioni hiyo, kabla hata ya ng'ombe kukamuliwa, mama aliingia chumbani mwenyewe. Alikuwa ameoga. Alitubusu mimi na Muriuki, jambo ambalo kwetu halikuwa la kawaida, akaketi kitandani na kuweka mikono magotini. "Funga," akamwambia baba. Baba alijaribu kusukuma komeo na halikuingia, kwa sababu lilikuwa jipya. Mama akainuka, akavuta mlango kutoka ndani ili ukae sawa. Ndipo likaingia. Ule mlio wa chuma kwenye chuma ndio ulionifundisha mwizi ni nani.

Mwanzoni ilikuwa kama alivyotaka. Asubuhi tata alimfungulia, wakapika pamoja, na alipoona giza linamjia kichwani alirudi mwenyewe akasema afungiwe. Mimi nilikaa chini ya dirisha kwa nje, yeye ndani, akanisaidia hesabu. Lakini mvua ndefu zilipoingia na mlima ukapotea siku nyingi mfululizo, zile siku nzuri zilipungua. Yule mwingine, yule aliyesema si yeye, akaja kukaa. Yule alishika vyuma kwa mikono miwili akavitikisa mpaka rangi yake ikabandukia viganjani mwake. "Mmenizika!" alikuwa akilia, kwa Kikuyu, hadi barabarani. "Njooni mwone, mtu amemzika mke wake na angali anapumua!" Watu walisimama kwenye ua wa miti. Wengine walikuja wakaomba na kuimba. Wengine walimpita baba kituoni bila kumsalimu, nao ni watu aliowapimia maziwa miaka yote. Baba hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba ni mama mwenyewe aliyeomba. Nadhani aliona kusema hivyo ni kama kumshtaki.

Mama alipata dawa kutoka mjini, vidonge vilivyomfanya awe na ulimi mzito. Havikumrudisha. Vilimpunguza tu.

Kibaya zaidi kilikuwa pale alipoongea vizuri. Siku moja nilitoka shule nikamkuta dirishani, ameshasuka nywele, uso umetulia. Tata alikuwa shambani, na ufunguo wa kufuli la lile komeo alitembea nao kifuani.

"Mtoto wangu," mama akasema, "leo niko sawa. Niangalie. Niletee ufunguo nitoke nikae na wewe juani kidogo."

Nilimwangalia. Alikuwa sawa. Alikuwa mama yangu kabisa, hata lile pengo la jino aliponitabasamia.

"Ufunguo anao tata," nikasema.

"Basi mwendee. Mwambie unataka kuchukua kitu chumbani."

"Lakini ulisema..." Sikumaliza. Nilikuwa mtoto, sikujua namna ya kumwambia mtu kwamba alisema tusimsikilize yeye. Nikasimama tu na mkoba wangu. Aliningoja muda mrefu, akinitazama kwa upole ule ule, kisha akasema, bila hasira, "Hata wewe." Akageuka, akalala akiuelekea ukuta. Sijui mpaka leo ni yupi kati yao aliyesema. Tata aliporudi nilimweleza, akaja kufungua, lakini mama hakutaka tena kutoka.

Na hivyo ndivyo ilivyobaki. Kelele zilikwisha. Mama alitulia, tukamshukuru Mungu, hadi tulipogundua kwamba ametulia kama nyumba isiyo na watu. Mlango ukiachwa wazi mchana kutwa hakutoka. Alikula alicholetewa. Muriuki alikua akimjua kama mtu wa dirishani, akimpelekea maua ya viazi na kumpitishia kati ya vyuma, naye aliyapokea na kuyashika tu.

Nilipokuwa karibu kumaliza shule ya msingi, baba alishuka mjini akamleta Athumani tena. Alikuwa amezeeka kidogo, kofia ni nyingine. Baba alikuwa amejifunza sentensi yake ya Kiswahili njia nzima, na aliisema wote tukisikia: "Fundi, toa yote. Nyumba yangu ikae kama ya watu."

Athumani alikata vyuma vya dirisha kwa moto, akaving'oa kimoja kimoja. Akakata komeo, akang'oa bawaba, mlango mzima ukalala uani kwenye nyasi. Wakati wa kazi hiyo yote mama alikuwa ameketi ndani, kwenye pembe ya kitanda, amejifunika blanketi kichwani kwa ajili ya cheche. Mlima ulikuwa wazi siku hiyo, mweupe, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka ulionekana mzima dirishani bila kukatwa na kitu.

Baba akavua kofia, akasimama pale mlango ulipokuwa. Alimwita kwa jina lake la usichana, ambalo sikuwahi kumsikia akilitumia. "Wairimu. Toka. Hakuna mtu amekufungia. Tazama."

Mama akashusha blanketi. Akatazama dirisha, akatazama tundu la mlango, na nikaona hofu ikimpanda usoni kama maji yanavyopanda. Macho yake yakampita baba, yakamfikia fundi. Sidhani kama alimkumbuka. Lakini alimsemesha kwa Kiswahili kile cha Timau, sauti ndogo, iliyokwaruza kwa kukaa bila kazi:

"Sasa fundi, mimi nitashikwa na nani?"

Athumani akaanza kuokota vipande vya chuma uani, akivipakia kwenye pikapu, na alipokuwa akivipakia alikuwa akilia waziwazi, mwanamume mzima, bila kujifuta. Baba alimshukuru kwa heshima. Pikapu ikaenda. Mama alikuwa amekumbatia nguzo ya kitanda kwa mikono yote miwili, na hata tata alipomwimbia hakuiachia.

Basi baba akaingia jikoni akatoka na magunia ya viazi matupu na blanketi. Akayatandika sakafuni pale mlangoni, kutoka ukuta hadi ukuta, akajilaza juu yake na koti lake la kaki, mgongo kwa nje, uso kwa mama, ili mtu yeyote asiweze kupita bila kumkanyaga. Ndipo mama akaachia nguzo. Baba alilala hapo kila usiku mpaka mama alipokufa, miaka mingi baadaye, na baada ya mazishi tulimtandikia kitanda kizuri katika chumba cha mbele. Asubuhi tulimkuta kwenye ile saruji, amelala kizingitini mwa chumba ambacho hakikuwa na mtu.